Sindano ya Pikapu ya Mama

Juzi jirani mmoja aliona disiki imefungwa kati ya makaratoni mawili juu ya kitanda cha Mama, akauliza: "Hii ya nini, na pikapu hamna?" Tukaona afadhali tuwasimulie wote, labda itamsaidia mtu.

Disiki hiyo ni Indépendance Cha Cha ya Grand Kallé na African Jazz, wimbo uliorekodiwa Brussels mwaka 1960. Baba yetu aliinunua Bujumbura wakati mji ule bado unaitwa Usumbura, kabla ya uhuru wa mwaka 1962. Akaandika jina lake kwa kalamu kwenye karatasi ya katikati. Baba alishafariki. Tulipokimbia Uvira mwaka 1998 tukavuka Gatumba mpaka Buyenzi, Mama aliibeba ndani ya vitenge. Picha ya Baba hatukuwahi kuwa nayo tena. Alichobaki nacho Mama ni mwandiko ule na wimbo ule.

Miaka ikapita, tukapata pikapu ya mtumba hapo Buyenzi. Kila Jumapili jioni Mama alikuwa anapiga disiki yake, majirani wanakuja na viti vyao. Lakini mwaka 2012 sauti ikaanza kuharibika. Herufi "s" ilikuwa inakwaruza kama mchanga, na mwisho wa wimbo ndiyo mbaya zaidi. Halafu mkono ukaanza kuruka. Sisi watoto tukajifanya mafundi: tukabandika sarafu ya faranga tano juu ya kichwa cha mkono ili usiruke. Kweli haukuruka tena. Tukafurahi!

Kumbe tulikuwa tunaua disiki. Mzee mmoja fundi wa radio alipoona ile sarafu alishika kichwa. "Wanangu, nani amewafundisha hivi?" Akatupeleka kwa sonara, akaomba ile lenzi ya kuangalia dhahabu. Tukaangalia mmoja mmoja. Ncha ya sindano inatakiwa kuwa ya mviringo, laini. Ya kwetu ilikuwa imelika pande mbili, imebaki kama patasi. Fundi akasema: "Sindano iliyoisha haisomi mfereji, inauchonga. Na nyinyi mmeikalia juu." Sonara akaweka mkono wa pikapu kwenye mizani yake: karibu gramu 7. Tukatoa sarafu, ikarudi 5, ambayo ndiyo inayofaa kwa kichwa cha aina ile.

Kazi ngumu ikawa kumwambia Mama asipige disiki mpaka sindano ipatikane. Alikasirika. "Mimi ni mzee. Mnataka nife sijamsikia baba yenu, kwa sababu ya sindano?" Tukabaki tunaangaliana. Jumapili hiyo alipiga. Hakuna aliyethubutu kumzuia. Katikati ya wimbo akanyanyua mkono mwenyewe, akazima. Hakusema neno.

Tulizunguka soko kuu, lile lililoungua Januari 2013, tukaenda maduka ya kartie asiatiki, hakuna kitu. Fundi akatuandikia namba iliyo chini ya kichwa cha pikapu, akasema bila namba hiyo tutaletewa sindano isiyoingia. Akatuonya pia: sindano za disiki nene za zamani, zile za mizunguko 78, zina ncha pana. Hazifai kwa disiki ya mizunguko 45, hata kama zinaingia. Tukampa namba ndugu yetu aliyeko Ubelgiji. Baada ya miezi mitatu msafiri mmoja alileta sindano ndani ya kiberiti. Ilikuwa ya almasi. Ile ya kwanza ilikuwa ya yakuti, ambayo inaisha mapema sana. Ya almasi, ikitunzwa, inafanya kazi saa mia kadhaa.

Kuibadilisha ni dakika tano. Fundi alichomoa pikapu kwenye umeme, akashika kile kiplastiki kinachobeba sindano, akakivuta mbele polepole, akaingiza kipya mpaka kikalia "tik". Ncha hakuigusa kwa kidole. Kisha akapangusa disiki vumbi kwa kitambaa laini, kwa kuzunguka kufuata mifereji.

Mama akakaa. Wimbo ukaanza, safi. Ulipofika mwishoni, mikwaruzo ikarudi ileile. Tukamtazama fundi. Akasema kwa upole: "Sindano mpya haiponyi mfereji ulioliwa. Hapo ndipo mlipoweka sarafu." Sisi tukainamisha vichwa. Mama akasema: "Basi. Hata mimi sauti yangu siyo ya zamani. Rudisha mwanzo."

Jioni ile tulirekodi wimbo kwenye simu, mikwaruzo na kikohozi cha Mama vyote ndani. Tulipohamia kambini pikapu ilibaki kwa jirani Buyenzi, na sindano ndani yake. Disiki tukaja nayo.

Ndugu zetu, kitu cha wazazi kikianza kukwaruza, msikiongezee uzito ili kinyamaze. Ulizeni kwanza anayejua. Na kama bado kinalia vizuri, kirekodini leo. Sisi tulichelewa kidogo, ndiyo maana ule mwisho mpaka sasa tunausikia kwa aibu. Mama yeye anauimba, anaziba mikwaruzo kwa sauti yake.