Saa 72 Kabla ya Ziwa

Sumbawanga, Novemba 2021

Mdogo wangu mpendwa,

Ujumbe wako ulinikuta Mpulungu simu ikiwa inakata chaji, ndiyo maana nilikujibu neno moja tu: tumefika. Leo nimekaa. Mvua ya kwanza inapiga bati, chai ipo mezani, na Mama kalala baada ya kunisimulia safari yenyewe kana kwamba mimi sikuwepo. Nakuandikia kirefu kwa sababu Desemba ni zamu yako na wanao kwenda harusini Mbala, na sitaki yatupate mara ya pili yaliyotupata sisi.

Unajua safari hii ilivyoanza. Mama mkubwa katimiza miaka 80, wanawe wakaona badala ya kumchinjia ng'ombe nyumbani wakodi boti, ukoo mzima upande Mpulungu, tuzunguke kusini mwa Ziwa Tanganyika hadi Nsumbu, tulale huko, turudi. Mama aliposikia neno boti hakuuliza bei. Aliuliza siku. Akiwa msichana wa miaka kumi na saba alipanda Liemba pale Kasanga kumsindikiza dadaye aliyekuwa anaolewa ng'ambo, na tangu hapo ziwa kwake ni Liemba. Meli ile iliteremshwa majini Kigoma mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka uliofuata, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927, na hivi sasa imeegeshwa Kigoma inasubiri matengenezo. Nilipomwambia Mama kwamba safari hii si Liemba, ni boti la mbao, akasema maji ni yale yale.

Enzi zile, anasema, mtu alihitaji tiketi na kikapu cha chakula. Sisi tulihitaji pasipoti tano, kadi tano za homa ya manjano, na vyeti vitano vya PCR vinavyoonyesha hatuna Korona, sampuli iwe imechukuliwa ndani ya saa 72 kabla ya kuingia Zambia. Nikadhani, kama ambavyo na wewe utadhani, kwamba kwa vile Mama alishachomwa ile Janssen ya dozi moja mwezi Agosti, yeye amepona usumbufu. La. Chanjo ni karatasi yake na kipimo ni karatasi yake.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana ndipo tulipokwama. Saa 72 hazihesabiwi tangu cheti kinapotoka. Zinaanza kuhesabiwa kijiti cha pamba kinapoingia puani. Ukitoka pale, sampuli yako nayo inaanza safari yake, na kutoka Sumbawanga safari hiyo ni ndefu. Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii iko huko kwenu Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka hapa, na wakati wote kichupa kipo njiani, saa zako zinayeyuka nacho.

Mara ya kwanza tulipimwa karibu na nyumbani, Jumatatu saa mbili asubuhi, wote watano. Kabla ya hapo nilikwenda stesheneri, kijana akatujazia fomu kwenye mtandao mmoja mmoja, tukapata kontro namba, tukalipa kwa simu. Ada ya watu watano ilizidi nauli yetu yote ya kwenda na kurudi, mdogo wangu, kwa hiyo usipange bajeti kwa kuanzia na nauli. Jumanne kimya. Jumatano mchana kimya. Nikapiga simu, nikaambiwa nisubiri. Majibu yaliingia kwenye barua pepe Alhamisi saa saba usiku, sote hasi, na saa zilizobaki zilikuwa saba.

Kaka yako alishaamka anavaa viatu. Hesabu yake ilikuwa sahihi: kutoka hapa hadi Matai ni lami, kilomita kama 50, na kutoka Matai hadi Kasesya ni 50 nyingine za vumbi. Tukiondoka usiku ule tungefika mpakani kabla hakujapambazuka, tukasubiri wafungue. Nami nilikuwa tayari, mpaka nilipofungua cheti cha Mama na kukisoma herufi kwa herufi. Jina lake la pili kwenye pasipoti lina l. Kwenye cheti lilikuwa na r. Alipoulizwa jina pale stesheneri alilitamka kama tunavyolitamka sote nyumbani, kijana akaandika alichosikia, na mimi niliyekuwa nimesimama nyuma ya kiti nikiwa na pasipoti mkononi sikuinama kuangalia kioo. Hilo limeniuma kuliko hela. Hakuna afisa wa afya atakayempitisha mtu ambaye cheti kinamtaja mwingine, na usiku ule hakuna wa kumpigia kurekebisha. Nikamwambia kaka avue viatu. Mama hakulia, alikaa tu kitandani na mkoba wake wa safari mapajani mpaka jogoo wakawika.

Asubuhi nikampigia binamu Mbala. Mungu amjalie yule kijana, akaongea na mwenye boti, wakasogeza safari mbele. Nasi tukaanza upya, na malipo upya.

Mara ya pili hatukuisubiri sampuli isafiri peke yake, tuliisindikiza. Tulipanda basi la alfajiri kwenda Mbeya, tukapita Laela na Tunduma, tukalala kwa wifi, na Jumanne saa tatu asubuhi tukapimwa huko, kwenye kituo kilichotengwa kwa wasafiri. Kutoka Mbeya kuna ndege pale Songwe, na njia ya sampuli kwenda Dar inakuwa fupi kwa mbali. Mchana ule ule tukarudi Sumbawanga. Ni zaidi ya kilomita 600 kwenda na kurudi kwa ajili ya kijiti cha puani, na mama wa miaka 71 ndani ya basi, lakini majibu yaliingia Jumatano saa tatu usiku: saa 36 zimetumika, 36 zimebaki. Nilisoma majina yote kwa sauti, pasipoti pembeni, herufi moja moja, watoto wangu wakidhani nasali.

Uliniuliza kama kinauma. Hakiumi, kinakera. Mama alikuwa na wasiwasi kweli, maana maneno aliyoyasikia mtaani ni mengi, kwamba kijiti kinafika kwenye ubongo, kwamba ndicho kinachoweka ugonjwa. Muuguzi wa Mbeya, binti mdogo tu, hakumkaripia wala kumharakisha. Alikifungua kifuko mbele yake, akampa Mama akishike kile kijiti kwa upande wa mpini, akamwonyesha kwenye pua yake mwenyewe kwa kidole kinaingia mpaka wapi. Kisha akasema, "Bibi, hesabu moja mpaka kumi kwa Kifipa." Mama akahesabu. Alipofika sita kazi ilikuwa imekwisha, machozi yanamtoka jicho moja, akamalizia mpaka kumi kwa sababu aliahidi.

Kuna jambo lingine ambalo sikukwambia kwenye simu. Kabla ya vipimo vya mara ya pili tulikubaliana siku kumi za kujitenga kidogo: misa tusikilize redioni, sokoni aende mtu mmoja na barakoa, wageni tuwapokee uani. Hapo katikati jirani yetu wa upande wa juu akafiwa na mumewe. Wewe umekulia hapa, unajua kutokwenda kulala matangani maana yake nini. Nilipeleka rambirambi na unga mapema, nikasimama langoni, nikamweleza mama mwenye msiba kwamba tunakwenda kwa mzee mwenye pumu na hatutaki kumpelekea kitu. Akanitazama muda mrefu. Akasema, "Hata wa kwangu wangemfikiria hivyo." Sikuwa na la kujibu.

Maana ukweli ni kwamba sikuwa napima kwa ajili ya muhuri. Kumbuka Februari na Machi mwaka huu, simu za misiba zilivyofuatana, na sote tukisema changamoto ya upumuaji, kwa sababu neno lenyewe lilikuwa zito kulitamka. Takwimu za nchi zilikuwa zimesimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21 tangu mwanzo wa Mei 2020, na mtu hakuwa na kipimo cha hofu yake ila kuhesabu makaburi ya mtaani. Tulijifukiza, tukasali, na siwakosoi waliojifukiza, hata mimi nilijifunika blanketi juu ya sufuria ya mwarobaini na malimao. Lakini Rais Samia alipochanjwa hadharani Ikulu tarehe 28 Julai, Mama alikuwa anaangalia taarifa ya habari, akageuka akaniuliza: "Kumbe inaruhusiwa kuiogopa?" Tangu siku ile nyumba hii imekuwa ikiongea. Kwa hiyo tulipokuwa tunahesabu zile saa, mimi nilikuwa nawaza kifua cha Mama mkubwa. Kwa ukaribu wa boti lile, watu zaidi ya ishirini bega kwa bega, angetosha mmoja wetu tu.

Alhamisi tukavuka. Matai hadi Kasesya vumbi lilitupaka nyusi. Pale mpakani afisa wa upande wa Zambia alipiga picha ule msimbo wa mraba kwenye kila cheti kwa simu yake, akalinganisha na pasipoti, akatupima joto kwenye kipaji cha uso. Alipofika kwa Mama akamsemesha Kimambwe, Mama akajibu Kifipa, wakaelewana kama watu wa kijiji kimoja. Akamwuliza anakwenda wapi. "Kwa dada," Mama akasema. Muhuri ukagongwa saa sita mchana. Nimeitunza ile hesabu: saa 51 tangu pua ya mwisho.

Ziwa sitakumalizia, uje ulione. Nakwambia tu kwamba ukitoka kwenye baridi yetu hii ya mita 1,800 ukateremka kutoka Mbala kwenda Mpulungu, unavua sweta kwenye kona ya kwanza, na kufika chini unatamani uvue na ngozi. Kusi ilikuwa imeshatulia, maji kama mafuta. Tuliacha kisiwa cha Mutondwe upande mmoja, tukaonyeshwa lilipo gofu la kanisa la mawe la Niamkolo, walilojenga wamisionari wa Kiingereza miaka ya 1890, na jioni tukala migebuka ya kuchoma ambayo wao wanaiita bukabuka. Mama na Mama mkubwa walikaa benchi la mbele kabisa, mahali penye upepo, barakoa zimeshushwa kidevuni, mkono kwa mkono. Hawakuwa wameonana tangu 2018. Kwa saa nzima ya kwanza hawakusema kitu.

Kurudi nako kunataka akili. Tangu Mei mwaka huu anayeingia Tanzania anaulizwa cheti kama hicho, na vyeti vyetu vya kwendea vilikwisha muda tukiwa majini. Binamu alikuwa ameshatuwekea nafasi ya kupimwa kwao siku tuliyoshuka botini, tukasubiri kwake siku mbili tukila kisamvu. Bila yeye tungekwama.

Sasa wewe. Usipime Dar. Najua maabara unayo mlangoni, na majibu utayapata haraka kuliko sisi, lakini ukipimwa Jumatatu asubuhi, ukapata majibu Jumanne, ukapanda basi Jumatano alfajiri, ukifika hapa Alhamisi na watoto wamevimba miguu, saa zenu zimeisha na bado Kasesya iko mbele. Shukeni Mbeya. Laleni kwa wifi, nimeshamwambia, pimweni asubuhi, njooni huku mpumzike usiku mmoja au miwili mkisubiri barua pepe, kisha tuvuke pamoja. Shemeji kama hawezi kupata likizo ndefu aje moja kwa moja Mbeya. Namba ya simu mtakayojaza iwe inayopatikana, na barua pepe iwe ya mtu anayeifungua, si ile ya kazini ya shemeji.

Na kabla ya Jumamosi nitumie picha ya ukurasa wa mbele wa kila pasipoti, za watoto pia. Yule mdogo jina lake la kati mmeliandika kwa l au kwa r? Nataka kulisoma mwenyewe.

Mama kaamka, anauliza kama nimekusalimia. Anakusalimia.

Dada yako