Kutoka Arafa Hadi Muzdalifa: Njia Tuliyoiokotea Taka

Jua la mwezi 9 Mfunguo Tatu lilipotua, tuliondoka Arafa tukiwa wanawake saba wa Mombasa pamoja na maharimu wetu. Wenzetu wengi walipanda mabasi. Sisi tulichagua kwenda kwa miguu hadi Muzdalifa, mwendo wa kilomita 8 hadi 9, kwa njia pana iliyotengwa kwa waendao kwa miguu. Taa ziliangaza, na Talbiya ilipanda kutoka vifua vya watu wa kila lugha.

Tulidhani uchovu ndio utakaotujaribu. Kumbe mtihani wetu ulikuwa chini ya nyayo. Chupa za maji, vifuniko, mifuko, maboksi ya chakula na mikeka iliyotupwa vilitanda njiani. Wafagizi walikuwapo, tena wenye bidii, lakini umati haukuwapa nafasi. Mwaka 2024 mahujaji walizidi milioni 1.8, kila mmoja akiangusha chupa moja tu, ni mzigo gani huo?

Hatujafika nusu ya mwendo, bi mkubwa wa kundi letu alikanyaga chupa, akateleza na kuanguka kwa goti. Tulimwinua upesi kabla watu hawajamkanyaga. Goti lilichubuka, lakini mfupa, alhamdulillahi, ulisalimika. Tulimtarajia alalamike. Yeye akainama, akaiokota chupa ile ile na kuitia mkobani mwake. Akasema, “Wanangu, nyuma yetu yuaja mzee mwengine.”

Mmoja wetu alinong’ona kwamba tumekuja kuabudu, si kufagia. Hatukubishana, kwani Hija si mahali pa mabishano. Lakini neno lile lilitusumbua. Sote twajua mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.), kwamba kuondoa njiani kitu chenye kudhuru ni katika matawi ya imani. Tumewafunza watoto wetu jambo hilo, na bado tulikuwa tumeruka chupa nyingi bila kuinama. Na pengine baadhi yake zilikuwa zetu. Mchana ule, katika joto la Arafa, ni nani kati yetu aliyekumbuka alipoiacha chupa yake?

Basi tukatoa mifuko tuliyobebea chakula. Mikono yetu ilikuwa mitupu, kwa kuwa mwanamke aliye katika ihramu havai glavu. Tulikubaliana kuokota vile tu viwezavyo kumwangusha mtu, tena kandokando ya njia, kwani kusimama ghafla katikati ya umati ni hatari nyingine. Mara akina mama wawili wa Indonesia wakaungana nasi. Hatukuwa na lugha moja, ila salamu na tabasamu.

Tulipoketi kupumzika tulimkumbuka Bibi Zubaida binti Jaafar, mke wa Khalifa Harun al-Rashid, aliyefariki mwaka 831. Mwanamke huyo alitoa mali yake ili mahujaji wapate visima na mabirika katika njia itokayo Kufa, Iraki, hadi Makka, masafa yanayozidi kilomita 1,200. Hadi leo njia hiyo yaitwa Darb Zubaida. Yeye aliwaachia wageni wa Mwenyezi Mungu maji. Sisi twawaachia chupa tupu.

Muzdalifa tuliswali Magharibi na Isha kwa pamoja, kisha tukatafuta vijiwe vya kurusha Mina, vidogo kama punje za dengu. Hata hapo ilitubidi kuondoa taka kwanza ndipo tuvione. Mifuko yetu minne ilikuwa imejaa. Njia tuliyoipita haikuwa imetakata, tusidanganyane. Lakini zile chupa zilizokuwamo mifukoni hazingemwangusha mtu tena usiku ule.

Kwa hivyo, mama na dada zetu mnaojiandaa kwa Hija, pamoja na kitabu cha dua tieni mkobani mfuko mtupu uliokunjwa, na chupa moja ya kujaza maji tena na tena. Nanyi mliobaki nyumbani, njia ya msikitini na uwanja wa swala ya Idi ziko mlangoni penu.

Goti la bi mkubwa limepona. Kila atokapo darsani tunamwona ameinama kando ya njia, na wajukuu zake wameanza kuinama pamoja naye. Mwenyezi Mungu atutakabalie sote. Amin.