Je, Waipenda Kazi Yako au Waogopa Njaa?

Msomaji mpenzi, hebu mwulize jirani yako kwa nini amekaa miaka kumi na mitano katika kampuni ile ile. Pengine atakujibu kwamba anaipenda. Pengine atacheka tu, akutajie karo ya watoto, kodi ya nyumba na mkopo wa chama cha ushirika. Mwajiri wake hayo hayajui. Kwake yeye, mtu ambaye hajaondoka ni mtu aliyeridhika.

Wataalamu wawili wa Kanada, Natalie Allen na John Meyer, walilichambua jambo hili mwaka 1990. Walisema mfanyakazi hufungwa na kazi kwa kamba tatu: anapenda kukaa, hana budi kukaa, au anaona haya kuondoka kwa sababu ya fadhila alizotendewa. Kila kamba wakaitungia sentensi 8 za kuipima, nawe wajibu kwa namba kutoka 1 hadi 7. Kwa kamba ya mapenzi, waulizwa kama shida za kampuni waziona zako, na kama wajihisi mmoja wa jamaa pale. Nusu ya sentensi hizo zimepinduliwa makusudi, ili anayejaza 7 kila mahali bila kusoma ajulikane.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Kwa sababu Meyer na wenzake walipokusanya tafiti nyingi pamoja mwaka 2002, waliona kwamba kamba ya mapenzi ndiyo inayokwenda na bidii na kufika kazini. Anayekaa kwa kukosa pa kwenda hukaa kweli, lakini moyo ameuacha nyumbani. (Walio na watoto wanajua: mzazi wa namna hiyo hutambuliwa hata akifungua mlango jioni.)

Ila kipimo chataka uaminifu wa mpimaji pia. Katika afisi moja ya hapa Nairobi nilikofanya kazi, karatasi ziliandikwa nambari ya mfanyakazi juu, na meneja mwenyewe akapita meza kwa meza kuzikusanya. Nani angethubutu kumwaga unga wake kwa kalamu? Majibu yakawa matamu kama asali. Kabla ya mwezi kwisha, wenzetu wawili walikuwa wamekwisha kuandika barua za kuacha kazi, na meneja akabaki akituuliza kulikoni.

Basi siku ukiletewa karatasi ya namna hiyo, tazama kwanza pale juu kama wametaka jina.