Shaba ya Wakia Mbili



Yapata miaka ishirini sasa tunakusanya sarafu kongwe za shaba za Waingereza. Tulianza na mkebe wa marehemu baba, ambamo mlikuwa na pesa ya Mombasa ya mwaka 1888, yenye picha ya mizani, iliyotolewa na ile Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki. Kutoka hapo tukavutwa na zilizo kongwe zaidi.

Tuliyoitamani mno ni peni mbili ya mwaka 1797. Zama hizo Uingereza ilijaa sarafu za shaba za kughushi. Matthew Boulton wa Birmingham akapewa kazi ya kupiga sarafu mpya kwa mitambo ya mvuke: peni ya wakia moja, na peni mbili ya wakia mbili, nene na yenye ukingo mpana, ili thamani iwe ndani ya shaba yenyewe na mlaghai akose faida.

Mwaka jana bibi mmoja mjane wa mtaani kwetu alitujia na sarafu hiyo, urithi wa mumewe aliyekuwa baharia. Akasema, "Sheikh, nipe shilingi mia mbili ninunue unga." Tukampa. Hatukusema uongo, tulinyamaza tu.

Usiku tukaipima. Wakia mbili, kasoro kidogo kwa kuchakaa. Haya ikatushika. Sarafu iliyopigwa ili watu wasipunjwe, sisi tumeipata kwa kumpunja mjane. Nasi ndio tunaowasomesha watoto Suratul-Mutaffifin!

Baada ya Alfajiri tukamrudia, tukamweleza thamani yake, tukamrejeshea sarafu na kumwachia zile mia mbili. Alitutazama kitambo, kisha akauliza, "Kumbe jana ulijua, Sheikh?" Hatukuwa na jibu ila kumwomba radhi.

Sarafu hakuiuza; amewawekea wajukuu. Katika kasha letu nafasi yake ingali tupu.

Enyi mama zetu, mkiwa na sarafu za kale msizisugue kwa ndimu na jivu, kwani husugulika thamani pia. Wala msiuze kabla ya kuuliza watu wawili watatu. Nasi wanunuzi tujue kwamba mjuzi anyamazapo mbele ya asiyejua, amekwisha kupunguza mizani.

Wabillahi tawfiq.