Picha za pantoni zilizomtoa mtoto hofu ya maji

Saa 12:15 asubuhi, kabla ya kujiunga na msururu wa abiria, fundi mmoja wa madirisha ya aluminiamu anayeishi Kigamboni, Dar es Salaam, hufuta kioo cha simu yake kwa pindo la shati. Anasogea pembeni asiwazuie wenzake, anasubiri mlango wa pantoni ushuke, anapiga picha moja, kisha anarudi kwenye mstari kama watu wengine wanaowahi kazini.

Picha hiyo inakwenda mbali. Mkewe, mama yake mzazi na binti yao wanaishi wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, kwenye kijiji kilicho jirani na mpaka wa Rwanda. Huko simu ikidaka mtandao wa upande wa pili, saa yake hurudi nyuma kwa saa moja, hivyo mama wa familia hiyo amejifunza kutoiamini. Picha ikiingia anamwita mtoto, wanaitazama pamoja wakiwa jikoni, ndizi zikiwa motoni.

Mazoea hayo yalianza mwaka 2022, mtoto akiwa na miaka saba, na hayakuanza kwa mchezo.

Binti huyo ana selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita sikoseli. Mtoto huupata anaporithi vinasaba vyake kutoka kwa baba na mama wote wawili. Wazazi wenyewe wanaweza kuwa wazima na wasijue kwamba wamevibeba, lakini kila mimba yao ina uwezekano wa robo wa kuzaa mtoto mgonjwa. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania ambako ugonjwa huu unaonekana zaidi.

Nyanda za Karagwe na Kyerwa ni za juu, na msimu wa mvua usiku unakuwa na baridi kali. Baridi ni moja ya mambo yanayochochea maumivu kwa mtoto mwenye selimundu, pamoja na homa, uchovu na kukosa maji ya kutosha mwilini. Mama huyo anakumbuka usiku alioukesha akimkanda binti yake miguu kwa kitambaa cha maji ya moto, huku mtoto akiuma shuka ili asimwamshe bibi.

Hospitali waliyokuwa wakitibiwa iliwapa barua ya rufaa kwenda kliniki ya Bugando, Mwanza. Nauli ilipatikana. Tatizo likawa maji. Wakati huo basi la Mwanza likishapita Biharamulo, Geita na Sengerema lilikuwa linafika Busisi, na hapo lazima lipande kivuko kuvuka ziwa hadi Kigongo.

Mtoto aliposikia neno kivuko, alikataa. Hakulia. Alisema tu, "Mimi siendi, nitakufa kama babu."

Babu anayemsema hakuwahi kumwona. Ni mdogo wake bibi, aliyekuwa na biashara ya ndizi, na aliyepanda MV Bukoba kwenda Mwanza. Meli hiyo ilizama Mei 21, 1996, ikiwa imekaribia kufika, na mamia ya watu walipoteza maisha. Kagera nzima iliguswa, na katika nyumba nyingi za mkoa huo habari hiyo bado inasimuliwa kana kwamba ilitokea juzi. Mwili wa kijana yule haukupatikana. Bibi hajawahi kukanyaga chombo cha majini tangu siku hiyo. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara na kuua watu zaidi ya 200, alizima redio na kusema, "Mnaona?"

Mtoto alikuwa amekulia kwenye maneno hayo. Tarehe ya kwanza ya kliniki ikapita.

Baba alipopigiwa simu alikasirika. Alimtaka mkewe ambebe mtoto hata kwa nguvu, akataka na mama yake aache kumtia mjukuu woga. Mke alimjibu kwa upole, "Baba, njoo umbebe wewe. Mimi siwezi kumfunga kamba mtoto mgonjwa." Kisha akampa mtoto simu.

"Baba, wewe unapanda pantoni?"

"Kila siku. Naenda asubuhi, narudi jioni."

"Sasa kwa nini hujafa?"

Hakuwa na jibu. Alisema salio linaisha, akakata. Usiku huo aliliwaza lile swali, na asubuhi yake akapiga picha ya kwanza.

Haikuwa picha nzuri. Mtoto alituma ujumbe wa sauti: "Baba, sioni pantoni. Naona vichwa vya watu." Siku ya pili alijaribu kutoka upande mwingine, mlinzi akamwambia ageuze simu, kwa kuwa upande ule wa Magogoni uko jirani na Ikulu na si mahali pa kupiga picha ovyo. Alishukuru, akaomba aoneshwe pa kusimama. Polepole akajua sehemu yake: pembeni mwa lango, jua likiwa mgongoni, mlango wa pantoni ukiwa umeshuka na magari yanatoka.

Maswali yakaanza kumiminika. Pantoni inageukaje ikishafika? Baba alitazama, akamjibu kwamba haigeuki. Ina mlango mbele na mlango nyuma, gari linaingilia huku na kutokea kule. Mbona magari yako katikati na watu pembeni? Kwa sababu gari ni zito, likikaa upande mmoja chombo kinalala. Chuma kinaeleaje wakati msumari unazama?

Hilo mama ndiye aliyelijibu. Alijaza maji kwenye beseni, akaweka sufuria juu yake, ikaelea. Akamwambia mtoto aongeze maharage kidogo kidogo. Akiyasambaza, sufuria inashuka lakini inabaki imetulia. Akiyarundika upande mmoja, inainama. Akizidisha, maji yanaingia na inazama. Mtoto alirudia mchezo ule mara nyingi, hadi maharage yote yakalowa na ikabidi yapikwe jioni hiyo hiyo.

"Kwa hiyo ile ya babu walizidisha maharage?" aliuliza.

Bibi alikuwa mlangoni. Hakusema kitu. MV Bukoba ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430, na MV Nyerere watu 101. Zote mbili zilikuwa zimebeba watu wengi kupita idadi hiyo.

Huko Dar es Salaam, baba naye alianza kuona vitu alivyovuka navyo miaka sita bila kuvitazama. Kutoka Magogoni hadi Kigamboni ni mwendo mfupi, dakika chache tu, na mtu akishazoea huvuka akiwa ameinamia simu. Sasa alikuwa anaangalia vijana wa bodaboda wanavyowasha pikipiki kabla mlango haujagusa nchi kavu. Aliwaona akina mama waliosimama na watoto karibu na mlango ili wawe wa kwanza kushuka. Aliona madereva waliobaki ndani ya magari, vioo vimefungwa, watoto wamelala kiti cha nyuma.

Siku moja mtoto aliuliza, "Jaketi za kujiokoa za watoto ziko wapi?"

Baba aliangaza macho. Hakujua. Ilibidi amfuate mmoja wa wahudumu, naye akamwonesha zilipohifadhiwa na jinsi ya kulifunga jaketi kifuani. Alipiga picha, akaituma, lakini anakiri kwamba aliona aibu. Alikuwa anamhakikishia mwanawe usalama wa chombo ambacho yeye mwenyewe hakujua pa kukimbilia kikipata hitilafu.

Kisha ikaja jioni moja ya mvua. Pantoni moja ilikuwa haifanyi kazi, watu wamejaa hadi barabarani, wanasukumana. Alipiga picha kama kawaida. Alipoitazama, akaifuta. Picha ile ingeharibu kazi ya miezi miwili.

Kesho yake mtoto aliuliza mbona jana hakutuma.

Angeweza kusema chaji iliisha. Akaamua kusema kweli. "Mwanangu, jana watu walikuwa wengi sana. Niliogopa. Niliacha ile ya kwanza, nikasubiri iliyofuata."

Kimya kilipita. Halafu mtoto akasema, "Kumbe mtu anaweza kusubiri?"

"Anaweza. Nilichelewa kufika nyumbani, basi."

Simu ilikuwa kwenye sauti kubwa. Bibi, ambaye kwa wiki zote hizo alijifanya hasikii, alikaa kwenye mkeka na kuanza kuzungumza. Alisimulia jambo ambalo hata mwanawe hakuwahi kulisikia. Mdogo wake aliambiwa na mwenzake kwamba meli imejaa, waende safari nyingine. Akasema ndizi zitaiva. Akajipenyeza.

"Si maji peke yake," bibi alisema. "Yule hakusubiri."

Mwanzoni mwa mwaka 2023 walisafiri kwenda Mwanza. Walikuwa watatu, kwa sababu bibi alisema mjukuu hatavuka bila yeye. Busisi waliteremka kwenye basi pamoja na abiria wengine, kama utaratibu ulivyotaka, wakaingia kwenye kivuko kwa miguu. Mtoto aliwaongoza. Alisoma idadi ya abiria iliyoandikwa ubavuni, akatafuta yaliko majaketi, akasema wakae hapo. Kisha akamwomba mama simu.

Alipiga picha tatu na zote akamtumia baba. Ya kwanza ni ya majaketi. Ya pili ni ya mlango wa kivuko ukipanda. Ya tatu ni ya bibi, amefumba macho, mkono mmoja umeshika chuma, mwingine umeshika kiganja cha mjukuu. Baba aliipokea akiwa juu ya ngazi anapima dirisha, akashuka na kukaa chini kwa muda.

Bugando mtoto alipimwa damu, na daktari akamwanzishia dawa ya haidroksiurea, ambayo husaidia kupunguza vipindi vya maumivu kwa wagonjwa wengi. Walifundishwa yale ambayo kila mzazi wa mtoto mwenye selimundu anapaswa kuyashika: anywe maji mara kwa mara, avae nguo za joto, na homa isisubiri kesho, awahishwe hospitali. Hajapona, na vipindi vya maumivu bado vinamjia, lakini vimepungua, na mwaka uliofuata alikosa shule siku chache kuliko zamani.

Wazazi wengi wakikabiliwa na hofu ya mtoto hufanya moja kati ya mawili. Ama humdanganya kwamba hakuna hatari yoyote, ama humtisha zaidi ili atii. Mtoto anayesafiri kwenda hospitali ana haki ya kuoneshwa mapema njia atakayopita, chombo atakachopanda na sindano atakayochomwa. Akigundua alidanganywa kwenye jambo moja, hataamini la pili, na kwa ugonjwa wa kudumu safari za hospitali ni nyingi.

Na kwa mzazi anayevuka maji na watoto, yapo mambo machache yasiyohitaji fedha. Shukeni kwenye gari kabla halijaingia au mara linapoegeshwa. Septemba 29, 2019, katika kivuko cha Likoni, Mombasa, gari lililokuwa na mama na bintiye liliteleza na kuangukia baharini, na wote wawili wakapoteza maisha. Mshike mtoto mkono, msikae karibu na mlango. Ulizeni majaketi yaliko kabla chombo hakijaondoka. Na mkiona kimejaa, subirini.

Juni 19, 2025 lilifunguliwa daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takribani kilomita tatu. Safari iliyokuwa ikiwachukua nusu saa majini, mbali na muda wa foleni, sasa basi linaimaliza kwa dakika chache. Bibi alipopita juu yake kwa mara ya kwanza alikuwa macho, akatazama ziwa pande zote mbili, akataja jina la mdogo wake mara moja tu.

Mtoto sasa ana miaka kumi. Alisikitika kidogo kwamba hatapanda tena kivuko cha Busisi, ila baba yake bado anavuka kila siku, na picha bado zinakwenda. Wiki iliyopita ilimfikia moja yenye watu wengi langoni.

"Imejaa?" aliuliza kwa ujumbe wa sauti.

"Kiasi."

"Basi subiri, baba. Sisi tupo."