Siku 91 hazisemi kitu

Niko Chakol, hapa kati ya Busia na Malaba. Leo nataka tuzungumzie safu moja tu ya hifadhidata: sababu.

Programu za mikopo ninazoandika ni rahisi. Mteja akichelewa, riba inaongezeka, basi. Murabaha haiendi hivyo. Tuseme benki inanunua lori kwa shilingi milioni 3, inakuuzia kwa milioni 3.6, ulipe laki moja kila mwezi kwa miezi 36. Hata ukichelewa mwaka mzima, bei inabaki milioni 3.6. Faini ikitozwa, huenda kwenye sadaka.

Benki za kwanza za Kiislamu nchini Kenya, Gulf African na First Community (tangu 2023 inaitwa Premier Bank), zilianza kazi mwaka 2008. Lakini kwa Benki Kuu, malipo yakipita siku 90 deni ni chechefu, liwe la riba au la murabaha.

Sasa njoo Malaba. Mwaka 2020, vipimo vya korona vilipanga malori kwa makumi ya kilomita. Januari 2022 yakasimama tena, madereva walipogomea vipimo vya lazima upande wa Uganda. Lori lisilovuka haliingizi kitu. Programu inaona siku 91, haioni foleni.

Yupo na mwingine anayewaza: deni halikui, haraka ya nini? Pesa anazo, anajengea nyumba. Siku zake nazo ni 91.

Kwa kompyuta hao wawili ni sawa. Kwa sharia si sawa: mwenye dhiki hupewa muhula, mwenye uwezo hudaiwa. Ukiwachanganya, mmoja ananyang'anywa lori mpaka ukikaribia kufunguka, na mwingine anachezea akiba za watu.

Kwa hiyo ongezeni safu mbili, sababu na mahali. Mteja aeleze, karatasi za forodha zithibitishe. Kisha pangeni orodha kwa mahali. Wateja kumi wakichelewa wiki moja kwenye mpaka mmoja, msilaumu tabia zao. Benki ndiyo iliyofadhili malori mengi mno ya njia moja, na dawa ya hilo ni kabla ya kutia sahihi, si kwa dalali.

Ni kazi ya alasiri moja tu. Haya, tuonane wiki ijayo.