Kabla ya Kupakia Gunia, Kagua Breki

Leo naacha kidogo mbolea na viuatilifu, tuzungumze baiskeli. Najua kuna atakayesema bwana shamba amehama fani. Lakini sisi wa Isongole tunajua kwamba gunia la maharage halitembei lenyewe mpaka sokoni, na kwa wengi wetu gari la kwanza la mzigo ni baiskeli. Ikiharibika njiani, au ikikuangusha, hasara yake ni sawa na ya wadudu ghalani.

Somo hili nililipia mwenyewe. Kabla ya pikipiki za maafisa ugani kugawiwa mwaka 2022, nilinunua baiskeli ya gia ya mtumba. Ilikuwa nyekundu, ina springi mbele na matairi mapana yenye meno. Niliizunguka mara mbili, nikapiga kengele, nikalipa. Breki sikuzijaribu.

Siku moja ya Desemba nilibeba kilo 20 za mbegu ya mahindi, mali ya kikundi cha akina mama waliokuwa wananisubiri kwenye shamba darasa. Mvua ilianza nikiwa kwenye mteremko. Nilikamata breki mpaka vishikio vikagusa usukani, baiskeli ikazidi kukimbia. Niliishia mtaroni, kifundo cha mkono kimevunjika, mfuko umepasuka na mbegu zinaondoka na maji. Shamba darasa lilipandwa wiki mbili baada ya mashamba ya jirani, na tofauti ilionekana mpaka siku ya mavuno. Mwenyekiti wa kikundi hakunigombeza. Alisema tu, "Pole, mwanangu. Mbegu tutatafuta nyingine, ila mkono hauna duka." Maneno hayo yaliniuma kuliko mkono.

Baadaye nilimpelekea fundi baiskeli yangu. Mzee yule aliigeuza magurudumu juu, akatazama raba za breki, akacheka kwa huruma. "Bwana shamba, hapa imebaki bati tupu. Wewe ulinunua rangi, hukununua breki."

Lami imebadili hesabu

Barabara ya Mpemba hadi Isongole, takriban kilomita 50, sasa ni lami, na imetusaidia sana. Lakini zamani vumbi, mawe na mashimo vilikupunguzia mwendo wenyewe. Kwenye lami hakuna cha kukupunguzia ila breki zako. Mteremko ni ule ule, mzigo ni ule ule, mwendo umekuwa mwingine. Kwa hiyo ukiwa na fedha kidogo za kutengeneza baiskeli, anza na kinachoisimamisha, kisha kinachobeba mzigo. Gia na mapambo vije mwisho.

Breki na rimu

Baiskeli kubwa za kizamani, kama Phoenix na Hero, nyingi zina breki za vyuma virefu vinavyovuta raba kubana upande wa ndani wa rimu. Ni imara na fundi yeyote anaziweza. Udhaifu wake ni mvua: rimu ya chuma king'avu ikilowa, raba huteleza. Breki za waya zinazobana rimu ya alumini pande mbili hushika vizuri zaidi kwenye maji. Kama unavuka milima na mzigo kila wiki wakati wa masika, hizo ndizo za kutafuta.

Raba mpya ina mifereji. Mifereji ikifutika, badilisha, usingoje isikike sauti ya chuma. Waya ukianza kuchanika nyuzi, usiufunge kwa kamba, nunua mwingine. Ukikamata breki kwa nguvu, kati ya kishikio na usukani ibaki nafasi ya vidole viwili. Na usipake oili kwenye rimu hata tone.

Kwenye mteremko mrefu bana breki zote mbili, achia, bana tena. Ukibana bila kuachia, rimu huchemka na inaweza kupasua tyubu. Mzigo ukiwa mzito, shuka uisukume. Si aibu. Hata vijana wa kabaza wa upande wa Malawi, ambao baiskeli ndiyo ajira yao, wanajua mahali pa kushuka.

Tairi na spoku

Hapa wengi wanapoteza fedha dukani. Soma namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi la zamani, uzinakili kama zilivyo. Phoenix nyingi huvaa 28 x 1½. Baiskeli za milimani huvaa 26 x 1.95 au namba za karibu na hiyo. Baiskeli nyingi za mtumba za Kijapani zenye kikapu huvaa 26 x 1⅜. Hizi mbili za mwisho zote zinaitwa "ishirini na sita", lakini rimu zake hazilingani. Tairi la moja halikai kwenye nyingine, hata fundi atoe jasho.

Tairi la meno makubwa linafaa kwenye tope. Kama safari zako nyingi ni za lami, meno yanakuchosha bure na yanaisha haraka. Chukua lenye mistari midogo katikati na meno kiasi pembeni.

Kwa mzigo, hesabu spoku za nyuma. Baiskeli za kizamani mara nyingi zina 40 nyuma na 32 mbele, maana uzito uko nyuma. Baiskeli nyingi za gia zina 36 au 32 tu. Ndiyo maana gunia linalotulia juu ya Phoenix linapinda rimu ya baiskeli ya gia. Zibinye spoku mbili mbili kwa vidole. Ukikuta iliyolegea, mpelekee fundi kabla jirani zake hazijakatika.

Cheni

Usimwage oili chafu ya pikipiki kwenye cheni. Inakamata vumbi, na vumbi lenye oili linasaga chuma kama jiwe la kunolea. Futa cheni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, iache ikauke, weka tone la oili safi kwenye kila kiungo, kisha futa inayobaki nje.

Kujua kama imechoka, azima futi ya fundi cherehani. Pima kuanzia katikati ya pini moja. Kwenye cheni mpya, pini ya 24 baada ya hiyo inaangukia inchi 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha cheni. Ikifika moja ya nane, huenda imeshakula na meno ya gia, na utanunua vyote.

Jambo dogo kwa mnaofungua wenyewe: pedali ya kushoto hukazwa kinyume na ya kulia. Wengi wameharibu nyuzi kwa kulazimisha.

Dakika tano za asubuhi

Siku ya soko, kabla ya kufunga mzigo, bana breki ya mbele na uisukume baiskeli. Isiende. Bana ya nyuma, isukume tena. Inua kila gurudumu, lizungushe, ona kama linayumba. Litikise kushoto na kulia. Likicheza, goroli zinahitaji grisi au kukazwa. Bonyeza tairi. Kisha ndipo upakie.

Mkono wangu ulipona, ingawa wakati wa baridi bado unanikumbusha. Wale akina mama bado tunalima pamoja. Siku hizi nikiwatembelea, mwenyekiti huwa ananitania kabla hata ya salamu: "Bwana shamba, breki zipo?" Nawe jiulize hivyo kabla ya kuushika mteremko.